Mchoraji Alisimama Wapi?

Picha za vita nilizotundika ukutani hapa nyumbani kwangu Moshi zilichapwa kwa jiwe. Ni jiwe hasa, bapa na zito, la chokaa yenye chembe laini kama ile inayochimbwa Solnhofen huko Bavaria, na katika zile za rangi nyingi kila rangi ilikuwa na jiwe lake peke yake. Wageni wengi hudhani ni michoro ya brashi, wengine hudhani nimezikata kwenye kalenda. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za mkusanyiko huu huwa naanza na jiwe, vita vinafuata baadaye.

Aliyegundua litografia, yaani uchapaji huu wa jiwe, ni Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa akitafuta njia ya gharama nafuu ya kuchapa kazi zake. Hiyo ilikuwa mwaka 1796. Mchoraji huchora juu ya jiwe kwa krayoni yenye mafuta. Kisha jiwe hupakwa gundi ya utomvu wa mgunga iliyotiwa asidi kidogo, halafu hulowanishwa kwa maji. Rola yenye wino wa mafuta ikipita juu yake, wino hushika pale penye krayoni na kukataa pale penye maji. Karatasi inalazwa juu, inagandamizwa kwenye mashine, picha imetoka. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann, Mfaransa, alipata hataza ya kuchapa hivyo kwa rangi nyingi, jiwe baada ya jiwe, na karatasi ileile ilipaswa kulala palepale kila mara. Ikisogea kidogo tu, wekundu wa koti la askari unamwagikia kwenye shingo ya farasi. Ninayo karatasi moja yenye kasoro hiyo na siiuzi kwa bei yoyote, kwa sababu pale kwenye wekundu uliopotea njia ndipo unapouona mkono wa mtu aliyekuwa kazini.

Gundi nayo ina habari yake. Migunga tunaijua, ukitoka Arusha kwenda Namanga unaiona kushoto na kulia. Gundi ya biashara kwa miaka mingi imetoka zaidi Sudan, hasa Kordofan. Sasa fikiria: tarehe 2 Septemba 1898 jeshi la Uingereza na Misri linapigana na jeshi la Khalifa Abdullahi, mtawala wa Sudan, pale Omdurman, muda si mrefu wachapaji wa Ulaya wanaanza kutoa picha za vita hivyo, na jiwe lao haliwezi kufanya kazi bila utomvu wa miti inayomea katika nchi ileile iliyopigwa. Nimefundisha historia sekondari karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijawahi kupata mfano unaoonyesha vizuri kuliko huo jinsi biashara na vita vilivyoingiliana katika karne ile.

Nilianza kukusanya nikiwa bado nafundisha. Vitabu vyetu vya kiada vilikuwa na vita katika mistari miwili: mwaka, mahali, nani alishinda. Wanafunzi walikariri na kusahau. Siku niliyopeleka darasani karatasi halisi ya William Simpson, iliyotoka kwenye albamu iliyokwisha kuchanika, vijana waliacha kuandika wakaja mbele kutazama. Walianza kuuliza maswali ambayo sikuwa nimeyapanga. Huyu aliyechora alikuwa wapi? Mbona hakupigwa risasi? Alimaliza saa ngapi?

Maswali hayo ndiyo yaliyonifundisha kutazama, na jibu lake kwa Simpson ni kisa ninachokipenda mno. Simpson alikuwa Mskoti, akatumwa na Colnaghi, wachapishaji wa picha wa London, kwenda kuchora Vita vya Crimea, vya Waingereza na wenzao dhidi ya Urusi. Litografia zake zilitoka mwaka 1855 na 1856. Picha yake maarufu ni ya shambulio la wapanda farasi wepesi wa Kiingereza pale Balaklava, tarehe 25 Oktoba 1854. Lakini Simpson alifika Crimea mwezi Novemba. Shambulio lilikuwa limeshapita, maiti zimeshazikwa. Alikwenda kukagua bonde lenyewe, akawahoji waliotoka hai, akachora. Kisha akampelekea mchoro Lord Cardigan, kamanda aliyeongoza shambulio. Cardigan aliutazama kwa hasira, akasema si sahihi. Simpson akachora tena, ukakataliwa tena. Mara ya tatu akahakikisha kwamba Lord Cardigan mwenyewe anaonekana vizuri kabisa, mbele ya kikosi. Safari hiyo Cardigan alimsifu. Kisa hiki Simpson alikiandika mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake, wala hakuona haya kukisimulia.

Tangu nilipokijua, kila picha ya vita inayopita mikononi mwangu naiuliza swali la wanafunzi wangu: mchoraji alisimama wapi? Sina maana ya kilimani au bondeni tu. Alisimama upande wa nani, nani alimlipa, nani alipaswa kuridhika kabla picha haijaenda kwenye jiwe, na nani aliinunua akaitundika sebuleni. Mtu anayekusanya bila kuuliza hivyo anakusanya farasi na moshi.

Turudi Omdurman. Siku ile walikufa zaidi ya Wasudani 10,000. Upande wa pili hawakufika 50. Tofauti hiyo ilitokana na mizinga, bunduki za rashasha za Maxim na risasi zilizopigwa kwa mbali, kabla mtu wa mkuki hajaweza hata kuona uso wa adui yake. Lakini tazama picha zilizouzwa: farasi wanaruka, mikuki inapishana, uso kwa uso. Zinaonyesha Kikosi cha 21 cha Lancers, askari wa farasi wapatao 400 walioingia kwa kasi kwenye korongo walimojificha wapiganaji wengi kuliko walivyotazamia, wakapoteza watu 21. Ni tukio la kweli, na lilihitaji ushujaa wa pande zote mbili. Ila lilikuwa kipande kidogo cha asubuhi ile, na halikuamua chochote. Lilichaguliwa kwa sababu mnunuzi wa London alitaka kuona vita vya watu wanaolingana. Mashine inayofyatua risasi mamia kwa dakika haina shujaa wa kuchora. Kwangu mimi huu ndio uongo mkubwa wa picha za vita: kila kilichochorwa kilitokea, na bado ukiyaamini macho yako utaondoka hujui kilichotokea.

Siyo zote zinazosema hivyo. Karatasi ninayoithamini kuliko nyingine zote ni ya Kurz & Allison, wachapaji wa Chicago. Kati ya mwaka 1884 na 1894 walitoa picha 36 za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, karatasi kubwa za takriban sentimita 56 kwa 71. Mtindo wao unatambulika mara moja: mistari ya askari iliyonyooka, majenerali juu ya farasi, moshi uliopangwa vizuri. Kama ushahidi wa mapigano hazina uzito mkubwa, na nawaambia hivyo wanaoniuliza. Lakini ile ya mwaka 1890, ya shambulio la Fort Wagner, inawaonyesha askari weusi wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts wakipanda ukuta wa boma. Wako mbele. Wanashambulia, hawabebi mizigo ya mtu. Shambulio lenyewe lilikuwa la tarehe 18 Julai 1863. Kati ya askari wapatao 600, karibu nusu waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa, na kamanda wao mzungu, Kanali Robert Gould Shaw, alikufa pale ukutani. Sajini William Carney, aliyeokoa bendera huku amejeruhiwa, alisubiri medali yake hadi mwaka 1900. Shambulio lilianza jua likizama, ila wachapaji waliweka mwanga wa kutosha kuhesabu vifungo vya koti. Nawasamehe. Miaka 25 hivi baada ya vita, wakati haki za watu weusi zilikuwa zinanyang'anywa upya kusini mwa Marekani, watu wawili wa biashara pale Chicago waliona inafaa kuchapa karatasi hiyo na kuiuza.

Mdogo wangu anayeishi huko aliipata kwa bei ambayo mwalimu mstaafu anaimudu, na sababu ya bei hiyo ni somo kwa anayeanza. Karatasi ilikuwa imekatwa pembeni ili iingie kwenye fremu ndogo, maandishi ya chini yakaenda na mkasi. Maandishi yale, yaani jina la picha, mchapaji, mji, mwaka, ndiyo cheti chake. Wafanyabiashara wanashusha bei sana kwa karatasi isiyo na pambizo. Kwa mtu anayetaka kutazama na kufundisha, picha yenyewe ipo yote. Anayetaka kuuza baadaye asiguse.

Na asinunue chochote bila lenzi. Mimi natumia ile ndogo wanayobana jichoni mafundi saa. Litografia ya zamani ukiitazama kwa karibu unaona chembe za krayoni zisizolingana, au vidoti vilivyowekwa kwa mkono, kimoja kinene, kingine chembamba, rangi zikilaliana. Nakala ya kisasa ya ofseti inaonyesha vidoti vyenye mpangilio, vimekaa kwa safu, vikifanya viduara vidogo mfano wa maua. Hakuna chai, moshi wala jua litakalobadilisha vidoti hivyo. Muuzaji mmoja pale Arusha alinionyesha picha ya Wazulu na Waingereza iliyochakaa kweli, kingo zimeungua, akasema ni ya miaka ya 1880. Nikaweka lenzi, maua yale yakajaa mbele yangu. Nikamshukuru nikaondoka. Karatasi inaweza kuzeeshwa kwa jioni moja, lakini njia ya kuchapa haifichiki. Hata mfumo wa forodha wa dunia unatenganisha mambo haya: kifungu 97.02 ni cha litografia asilia, na hakipokei kitu kilichotolewa kwa njia ya mashine au fotografia. Anayekutumia kifurushi kutoka nje aandike wazi ni nini kilichomo, cha mwaka gani na kimechapwa vipi.

Kwa asiye na fedha nyingi, kuna kadi ndogo za kampuni ya Liebig, waliokuwa wakiuza mchuzi mzito wa nyama. Zilitolewa kwa seti, mara nyingi za kadi sita, na nyingi zilichapwa kwa kromolitografia, yaani litografia ya rangi nyingi, nzuri kuliko picha kubwa za wakati ule. Zinaenea kwenye kiganja, na zimejaa mambo ya Afrika kama yalivyofikiriwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kufika.

Kutunza ndiko kunakohitaji moyo. Masika ya Moshi, kuanzia Machi hadi Mei, unyevu unaingia hadi ndani ya kabati. Karatasi inavimba, madoa ya kahawia yanajitokeza, ukungu unafuata, na vile vidudu vidogo vya rangi ya fedha vinakula uwanga wa karatasi usiku. Mvua zikiisha linakuja vumbi. Situndiki picha kwenye ukuta wa nje wa nyumba, kwa sababu ndio unaonyonya maji. Situndiki inapofika jua la asubuhi wala la jioni. Wekundu na manjano hupauka kwanza, na ukishapauka haurudi. Kioo hakigusi karatasi, kuna fremu ya ndani ya kadibodi isiyo na asidi inayoviachanisha. Hadibodi ya kawaida ambayo mafundi wetu huweka nyuma inatoa asidi inayoiunguza karatasi polepole, kwa hiyo kati yake na picha naweka tena kadibodi safi.

Fundi wangu wa fremu ni hodari, na mwanzoni tulibishana.

"Mwalimu, hii nikiibandika yote kwa gamu haitajikunja kamwe. Miaka hamsini."

"Fundi, mimi nataka aje mtu baada yangu aweze kuibandua bila kuichana."

Akafikiri, akasema basi nimwonyeshe. Sasa anatumia vipande viwili vya karatasi nyembamba na uji wa uwanga wa ngano, juu tu, picha ikining'inia huru ndani ya fremu. Uji huo ukipata maji unaachia. Selotepu hatuigusi. Laminesheni nayo ni kuiua picha, na nasikitika kila nikiona picha ya zamani ya familia ya mtu imefanyiwa hivyo kwa mapenzi mema.

Kuna swali zito kuliko ukungu, nalo aliniuliza mzee mmoja wa Kibosho, rafiki wa marehemu baba yangu. Alikuja kunijulia hali, nikamwamkia, akakaa, chai ikaletwa. Kisha akasimama muda mrefu mbele ya picha ya Omdurman.

"Mwanangu, hawa waliolala chini wana majina?"

"Walikuwa nayo, baba. Kwenye picha hayamo."

"Na wewe unawatundika hivyo hivyo?"

Sikuiondoa. Nilifikiri sana na bado naamini nina haki ya kuiweka, kwa sababu picha iliyofichwa kabatini inaendelea kusema uongo wake kwa watakaoikuta, bila mtu wa kuijibu. Lakini maneno yake yalibadili namna ninavyotundika. Chini ya kila fremu sasa pana kadi niliyoandika kwa mkono: mchoraji alisimama wapi, nani alilipa, nani hakuchorwa. Kadi ya Omdurman inaanza na hesabu ya waliokufa. Wajukuu wa majirani huzisoma kwa sauti, na mara kwa mara wanaziongezea maswali yao kwa penseli, jambo ambalo nalipenda.

Mstari wa "nani hakuchorwa" ndio unaonitesa zaidi ninapofika kwenye vita vya hapa kwetu. Tarehe 3 Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walijaribu kuuteka mlima Longido kutoka kwa Wajerumani wakashindwa, siku zilezile wenzao walipokuwa wanashindwa Tanga. Machi 1916 walipigana usiku kwenye vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, siku chache baadaye Moshi ikaingia mikononi mwao, na kabla ya mwezi kwisha wakapigana tena Kahe. Picha za vita vile ninazozijua zina maofisa, askari wenye bunduki, farasi, mara nyingine gari moshi. Wapagazi hawamo. Ni watu walioubeba unga, risasi na majeruhi kwa vichwa vyao, wakafa kwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Hata sanamu ya mwaka 1927 pale katikati ya Dar es Salaam ni askari na bunduki yake. Ile ya Nairobi, ya enzi hizohizo, imempa mpagazi nafasi kati ya watu wake watatu, na ningependa kila mkusanyaji asimame mbele yake kabla ya kununua picha nyingine ya jenerali.

Nimewahi kuona pia namna nyingine kabisa ya kupanga vita. Ni michoro ya Waethiopia ya ushindi wa Adwa wa tarehe 1 Machi 1896. Si litografia, ni kazi ya rangi kwa mkono, lakini naitumia kufundishia. Kwa desturi yao ya uchoraji, mtu mwema anachorwa uso mzima, macho mawili. Adui anachorwa ubavu, jicho moja. Pale Waitalia wana jicho moja. Mtoto akishaielewa desturi hiyo anarudi kwenye picha za Ulaya na kugundua mwenyewe kwamba nazo zina desturi yake, nani ana uso na nani ana mgongo.

Ninachokitafuta sasa ni karatasi yoyote ya Kijerumani ya miaka ya 1890 inayoonyesha vita vya Kilimanjaro. Mwezi Februari 1891 kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann aliishambulia Kibosho ya Mangi Sina (mangi ni mtawala wa Kichaga), akisaidiwa na watu wa Mangi Rindi wa Moshi. Tarehe 10 Juni 1892 watu wa Moshi chini ya Mangi Meli, mwana wa Rindi, waliwashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, von Bülow. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli Old Moshi. Nimewaambia mdogo wangu na rafiki mmoja aliyeko Hamburg wafungue kila folda yenye neno Kilimanjaro, hata kama muuzaji ameiandika vibaya.

Nimewapa na mambo ya kutazama kabla ya kuuliza bei. Mchoraji ameweka minazi? Basi alichora pwani, au alichora kichwani mwake. Vita vile vilipiganwa migombani, kwenye mitelemko na makorongo, kukiwa na mifongo ya maji inayokata mashamba, na boma la Sina lilikuwa na kuta za mawe. Watazame kama wapiganaji wa Kibosho wameshika bunduki, kwa sababu walikuwa nazo, au wamepewa mikuki mitupu. Watazame kama watu wa Rindi wamo upande wa Wajerumani, maana mchoraji aliyewaacha ametaka ionekane kazi ya Wazungu peke yao. Wakikuta karatasi ya mwaka 1892 ambayo von Bülow anaanguka, wanipigie simu usiku uleule, yenye pambizo au isiyo na pambizo.